Jibu: Mtafiti hupimwa kwa idadi ya nukuu?

Dada, umeuliza kama ukubwa wa mtafiti wa magonjwa ya kurithi ya umetaboli (yaani ya jinsi mwili unavyotumia chakula) hujulikana kwa mara alizonukuliwa na watafiti wengine. Mimi nasema hapana, ingawa maprofesa wetu hapa Bukavu wanapenda kuhesabu.

Mtazame Robert Guthrie wa Marekani, ambaye ukubwa wake unaonekana katika matumizi ya kazi yake, si katika hesabu ya nukuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alionyesha kuwa matone machache ya damu ya kisigino, yakikaushwa kwenye karatasi, yanatosha kugundua fenilketonuria, ugonjwa mmojawapo wa hayo ya kurithi, kabla ubongo wa mtoto haujaharibika. Karatasi ya namna hiyo leo hupimia hata virusi vya UKIMWI kwa vichanga, na inaweza kuja kwa pikipiki toka Walungu, nje ya mji wetu, bila barafu!

Kwenye TFC yako (kazi ya kumalizia masomo) anza na Guthrie. Daktari Følling wa Norwe, aliyeutambua ugonjwa wenyewe mwaka 1934, mwekee aya moja.