Mwulize mzazi anadaiwa nini

Mwanangu wa pili alizaliwa mwezi wa saba, upepo wa kusi umekaza. Mume wangu ni mvuvi, na mtu wa Sahare hahitaji kuelezwa maana yake: ngalawa zimelala mchangani, na anayethubutu kutoka anarudi na samaki wa mboga tu. Mimi nilikuwa nakaanga samaki jioni Makorora. Siku niliyoshikwa na uchungu karai liliepuliwa, na tangu hapo hapakuingia hata mia. Rejesho lilibaki palepale, kila Ijumaa, la mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, niliochukua kununulia vifaa vya kujifungulia.

Watu walikuja. Tanga tunajua kumtunza mzazi: nilikandwa maji ya moto, nikanyweshwa uji wa pilipili manga, nikaletewa kanga na sabuni. Kila aliyeingia alimfunua mtoto akasema mashaallah, baba yake mtupu. Mimi nilikuwa nahesabu siku zilizobaki kufika Ijumaa. Mtoto akilala, mimi macho. Nikilia, mama mkwe alisema ni uchovu. Jirani akasema ni shetani, nipelekwe nikapungwe. Wiki ya tatu nilikuwa namtazama mwanangu kama mtoto wa watu niliyeachiwa nimshike. Hilo sikumwambia mtu.

Aliyenishtukia ni muuguzi, siku ya chanjo ya wiki ya 6. Alimdunga mtoto, kisha akauliza, "Na wewe mama, unalala?" Nikaangua kilio mbele ya foleni. Akanikalisha pembeni, akaniuliza kama bado nacheka, kama najilaumu bure, kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Akaniambia hii ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka yenyewe. Machozi ya siku za mwanzo huwapata wazazi wengi na huisha ndani ya wiki mbili; yakivuka hapo, mama anaumwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 13 katika kila 100 wanaojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea wanakaribia 20. Katika tofauti hiyo mimi naiona Ijumaa yangu.

Sisemi kwamba sababu ni umaskini peke yake. Wenye mishahara nao huugua. Homoni hushuka ghafla kwa kila mzazi, na aliyewahi kuugua sonona au anayepigwa nyumbani yuko hatarini zaidi. Lakini deni linakunyima usingizi, linapunguza sahani yako, linawagombanisha, linakutoa ndani kabla ya arobaini. Sonona nayo ikishashika, hata kuwasha jiko huwezi, na deni linazidi. Mwajiriwa sheria inampa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Muuza samaki likizo yake ni akiba yake.

Kwa hiyo dada, ukishajua una mimba, na kama mnacheza mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, mwombe kijumbe anayekusanya akupangie zamu yako mwezi wa kujifungua. Kama uko VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, uliza kama mfuko wa jamii unamsaidia mzazi. Pamba na glovu nunua kidogo kidogo tangu mwezi wa tano, usisubiri ukakope. Na mumeo mwambie deni lote. Mimi nililificha, na kulificha kuliniumiza kuliko deni lenyewe. Alipojua, alikwenda mwenyewe kwa wakopeshaji, wakakubali nusu rejesho mpaka bahari itulie.

Mimi nilipona kwa kuongea na yule muuguzi kila wiki. Wengine huhitaji dawa, na zipo ambazo daktari humpa anayenyonyesha. Mzazi akianza kusikia sauti, au akisema atajidhuru au atamdhuru mtoto, msimwache peke yake hata kidogo. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Siku hizi nikienda kumwona mzazi, kabla sijamfunua mtoto nakaa kitandani nauliza taratibu, "Unadaiwa?" Mwezi uliopita mmoja alijibu, "Elfu sitini, Jumatatu." Tulikuwa wanawake sita chumbani. Tukafungua pindo za kanga palepale, tukachanga.