Ukitaka kufaidi mbio za baskeli, shika timu moja tangu Februari

Watu wengi wa kwetu wanaijua Tour de France tu, mwezi wa saba ukifika wanawasha tivii wanaona watu zaidi ya mia na sabini wamevaa rangi za kila aina wanakatiza mashambani, baada ya nusu saa wanachoka wanahamia kwenye mpira. Nawaelewa kabisa, maana ukiingia mwezi wa saba bila kujua hawa watu wametokea wapi na kila mmoja katumwa kazi gani huoni chochote zaidi ya baskeli zinapita. Ushauri wangu ni mmoja na nauamini sana: chagua timu moja, wala isiwe ile kubwa inayoshinda kila wiki, uifuate kuanzia mbio za mwanzo wa mwaka mpaka Oktoba.

Mie naishi Muscat na huku tuna bahati, Tour of Oman inakuja Februari wakati Ulaya bado baridi kali. Mwaka 2022 nilikwenda kuwaona Jabal Akhdar, ule mlima wa kumalizia ni karibu kilomita 6 na mwinuko wastani unapita asilimia 10, gari zenyewe polisi hawakuruhusu kupanda kama si foo-bai-foo. Aliyeshinda siku ile ni Jan Hirt, Mcheki wa timu ya Intermarché-Wanty-Gobert ya Ubelgiji, na siku ya pili yake akabeba mashindano yote. Nikaamua bas, hawa ndio wangu mwaka huu. Na kama uko karibu na mbio zozote nakushauri uende ukasimame mlimani sio kwenye tambarare, maana tambarare wanapita kama upepo sekunde chache imekwisha, mlimani unawaona mmoja mmoja, unaona nani kakaza meno na nani anamsubiri mwenzake. Beba maji na kofia, fika mapema kabla barabara haijafungwa.

Kwanini timu ya kati na sio kubwa? Kwa sababu timu kubwa ikikosa leo kesho itapata, lakini timu ya bajeti ndogo kila kitu kina hesabu. Hawa Intermarché waliingia daraja la juu, WorldTour, mwaka 2021 tu baada ya kuchukua leseni ya iliyokuwa timu ya CCC. Alafu mwaka 2022 ulikuwa mwisho wa hesabu ya pointi za miaka mitatu, timu za mkiani zinashuka daraja, na kweli Lotto Soudal na Israel-Premier Tech wakashuka. Sasa wewe ukishajua hivo, hata nafasi ya tano kwenye mbio ndogo huko Ubelgiji siku ya Jumatano inakuwa na maana, unaelewa kwanini mtu anapigania mstari wa mwisho wakati mshindi keshapita zamani anakunywa maji.

Jambo jingine la kulijua mapema, timu inaweza kuwa na waendeshaji mpaka 30 na hawaendi wote pamoja. Zile mbio kubwa tatu za wiki tatu, Giro ya Italia, Tour ya Ufaransa na Vuelta ya Hispania, kila timu inapeleka watu wanane tu, na mbio nyingi za siku moja za WorldTour wanakwenda saba. Kwahiyo usishangae siku moja timu yako iko Ufaransa na Hispania kwa pamoja. Kabla ya kila mbio tafuta orodha ya waliopangwa, ni dakika mbili tu, jiulize leo nani kapteni na nani wamekuja kumfanyia kazi. Hapo ndipo utamu unapoanza, niamini.

Mfano wangu mkubwa ni Biniam Girmay wa timu hii hii ya Intermarché, kijana wa Asmara, Eritrea. Machi ile 2022 alikuwa wa tano kwenye E3, mbio za siku moja za Ubelgiji, siku ya Ijumaa, mpango ulikuwa arudi nyumbani, lakini akaongezwa kwenye Gent-Wevelgem, nyingine ya huko huko Ubelgiji, ya Jumapili, tarehe 27. Zaidi ya kilomita 240, upepo, barabara za mawe, kile kilima cha Kemmelberg, mwishoni wakachomoka wanne tu na yeye akiwemo pamoja na Christophe Laporte, Dries Van Gestel na Jasper Stuyven. Girmay akaanzisha sprinti, ile mbio ya kasi ya mwisho, kutoka mbali, mie nikasema kawahi huyu wallahi watamkamata, hawakumkamata. Mwafrika wa kwanza kushinda mbio kubwa za mawe za siku moja. Nilipiga kelele jirani akaja kugonga mlango kuuliza kuna nini.

Sasa sikiliza kilichofuata. Jumapili iliyofuata kulikuwa na Tour of Flanders, mbio kubwa kuliko zote Ubelgiji, dunia nzima inasema muwekeni huyu kijana yuko moto. Yeye akapanda ndege kwenda Asmara kwa mkewe na mtoto wake ambao hakuwaona miezi mitatu, na timu ikamwacha aende. Watu walilalamika sana, mie naona ule ndio uamuzi bora wa msimu wao mzima. Msimu wa baskeli ni miezi tisa, mwili una akiba yake na moyo una akiba yake, timu inayomkamua mtu Aprili itamkosa Mei. Kwahiyo ukiona kipenzi chako hayupo kwenye orodha usikasirike haraka, angalia karudi lini na kwenye mbio gani.

Na Mei kweli akaja. Giro d'Italia, hatua ya 10 (hatua ni mbio za siku moja ndani ya zile wiki tatu) kuingia mji wa Jesi, kawekwa mbele na wenzake kisha akashindana bega kwa bega na Mathieu van der Poel mpaka Mholanzi akakata tamaa akamnyanyulia dole gumba. Ile hatua itafute uiangalie tena lakini usimuangalie Girmay peke yake, angalia wenye jezi kama yake kilomita za mwisho, wanavomkata upepo mmoja baada ya mwingine, akichoka huyu anajitoa pembeni anaingia yule. Wale majina yao hayaandikwi popote. Kwa bahati mbaya pale pale jukwaani kizibo cha chupa ya prosecco kikamrukia jichoni, akapelekwa hospitali na kesho yake hakuanza.

Ungekuwa unamfuata nyota mmoja Giro yako ingeishia hapo. Mie nilikuwa na timu, na hatua ya 16 Jan Hirt yule yule wa Jabal Akhdar akapita milima ya Mortirolo na Santa Cristina akashinda mjini Aprica, akamaliza Giro wa sita na mwenzake mzee Domenico Pozzovivo wa nane.

Tour ya mwaka ule hawakushinda hatua hata moja, lakini Louis Meintjes wa Afrika Kusini alikuwa wa pili kwenye mlima wa Alpe d'Huez nyuma ya Tom Pidcock na akamaliza ndani ya kumi bora. Agosti kwenye Vuelta akashinda kule Les Praeres, mlima wenye mwinuko wa kutisha. Septemba Girmay akachukua Grand Prix de Wallonie. Mwisho wa mwaka timu ilikuwa ya tano duniani, timu ile iliyokuwa inahesabu kila shilingi.

Kuhusu muda, mbio nyingi za Ulaya kiangazi zinaisha kama saa kumi na mbili jioni kwa saa za Afrika Mashariki, huku kwetu Muscat saa moja usiku. Siku ya tambarare washa saa moja kabla inatosha. Siku ya milima ingia mapema, siku ya mawe ndio kabisa usichelewe, kwenye mawe kundi linaweza kupasuka vipande zikiwa zimebaki kilomita 80.

Na jiandae na usajili, kuanzia tarehe 1 Agosti timu zinaruhusiwa kutangaza nani anahamia wapi. Mwisho wa 2022 Hirt alikwenda Soudal Quick-Step, Quinten Hermans aliyekuwa wa pili kwenye mbio za Ubelgiji za Liège-Bastogne-Liège akaenda Alpecin-Deceuninck. Niliumia, lakini nilibaki na timu, na ndio maana 2024 Girmay aliposhinda hatua tatu za Tour akavaa jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi, mpaka mwisho kule Nice, mie nilikuwa nawajua mpaka wanaomwandalia sprinti. 2026 timu imeungana na Lotto, Girmay kahamia timu ya NSN, kwahiyo nami nachagua upya. Nimeanza kwa kupekua orodha za Februari, nawe anza hapo hapo.