Mtoto hatulii, na mama anajiona ndani yake

Dada, umesema mwanao wa miaka 8 hamalizi kazi za darasani, mwalimu anamwita mtundu, na wewe mwenyewe ukisoma dalili za ADHD, yaani hali ya ubongo inayoleta ugumu wa kuzingatia, kutotulia na kukurupuka, unajiona. Hilo la mwisho usilipuuze. Hali hii hurithiwa sana, na watu wazima wengi huigundua pale mtoto wao anapochunguzwa.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo ya kuithibitisha. Mtaalamu hutegemea historia. Kwa mtoto hutafuta angalau dalili 6 kati ya 9 za kutozingatia, au 6 kati ya 9 za kutotulia na kukurupuka. Kuanzia umri wa miaka 17, dalili 5 zinatosha. Ziwe zimedumu miezi 6, zilianza kabla ya miaka 12, zinaonekana nyumbani na shuleni pia, na zinamkwamisha kweli. Mtoto anayesumbua darasani tu huenda haoni ubao, kwa hiyo nakusihi: macho, masikio na usingizi vichunguzwe mapema.

Kwako usitarajie kurukaruka. Ukubwani hubaki zaidi kusahau miadi, kuahirisha mambo, na akili isiyopumzika. Wasichana wengi waliokaa kimya wakiwaza yao hawakugunduliwa, nami hilo huniuma. Tafuta ripoti zako za zamani za shule. Maoni ya walimu humsaidia sana daktari. Mweleze pia kama una wasiwasi au sonona, maana dalili zake hufanana na hizi. Na mwalimu, mwombe aandike anachokiona, si jina la mtundu.