Mzimu uliotungoja Amboni

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, kuchelewa ni ugonjwa wetu sisi Waswahili tu?" Hapana. Wapagani wa Uingereza na Marekani, hao wa Wicca na wenzao wanaofufua dini za kale, wana sikukuu 8 za mwaka zinazofuata jua, na bado wenyewe hutaniana kwamba ibada ya saa 1 usiku huanza saa 3. Wanaziita saa za Kipagani.

Kinachonikera mimi ni kingine: huyu anayesubirishwa, hana kazi? Ni dharau tupu.

Sisi wa Tanga ndio usiseme. Mji wa waja leo waondoka leo, lakini waalike shughuli ya leo, waja kesho. Mwaka mmoja ukoo wetu ulikwenda kutambika mapangoni Amboni (mashehe mtanisamehe). Tulipatana tukutane Ngamiani, barabara ya 8, saa 12 asubuhi. Shangazi alifika na chetezo chake, makaa ya vifuu yamekolea, ubani na marashi ya waridi kikapuni. Tukakaa. Makaa yakawa majivu. Akaomba mengine kwa mama wa chapati, nayo yakafa. Kuku mweupe yuko kwa mjomba, na mjomba haonekani. Saa 3 na robo bajaji ikasimama, akashuka na kuku wa madoadoa, kamfunga miguu kwa kamba ya katani. "Weupe wameisha sokoni." Nikafura. Shangazi akapuliza makaa ya mara ya tatu, akasema, "Mwanangu, wazee wamo humo tangu enzi, wana haraka gani?" Tulicheka njia nzima, na kuku naye akamnyea mjomba kwenye kanzu.

Sasa hapa ndipo ninapokwama. Wapagani haohao, Juni 21, jua likichomoza Stonehenge, kwenye yale mawe ya kale ya Uingereza, kabla ya saa 11 alfajiri, unawakuta wamekesha palepale. Na sisi, yakitangazwa maziko baada ya adhuhuri, nani huchelewa? Mjomba huyohuyo utamwona wa mbele kabisa kwenye jeneza. Kumbe saa tunazijua.

Basi nalegeza. Kwa mizimu si dharau. Kwa harusi, nusunusu, maana bibi harusi mwenyewe bado yuko saluni. Ila fundi aliyenipa kanzu ya Idi watu wameshatoka kuswali, huyo bado nina neno naye.