Mkubwa akianza skuli, huyu mdogo naye ana yake moyoni

Mie nna wasichana wawili, mkubwa ana miaka mine na mdogo miwili na nusu, na mwaka huu mkubwa ndio ameanza PP1, ule mwaka wa kwanza wa chekechea. Novemba na Disemba yote nilikuwa mbioni na huyu mkubwa, mara begi mara viatu mara chupa ya maji, na yunifomu nilimshonea mwenyewe manake mie ni fundi cherehani nashonea hapa hapa nyumbani Kisauni, Mombasa, na hakuna hata siku moja niliyokaa nikajiuliza huyu mdogo itakuwaje. Siku ya kwanza nimerudi kutoka kumpeleka dadake nikamkuta kakaa mlangoni ameshika ndara moja ya dadake, nyanyake anamwita hataki, uji hataki, kila tuktuk ikipita anasimama kutazama kisha anakaa tena. Alikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri. Nami nikakaa kwenye cherehani na wallahi sikushona kitu.

Sasa mama mwenzangu kama una wawili waliofuatana hivo, nakuomba umtayarishe na yule anayebaki. Kwake yeye ni kama mtu amesafiri, jana walikuwa wote wanamwagiana maji kwenye beseni leo mwenzake hayuko na hakuna aliyemuaga. Mtoto wa umri huo saa haijui kwa hivyo ukimwambia dada atarudi saa sita na nusu umemwambia nini? Mie nlimwambia ukisikia adhana ya mchana dada yuko njiani, basi siku ya tatu tu adhana ilipoanza akakimbia kuchukua leso yangu aniletee, twende. Na siku hizi twaenda pamoja kumchukua hata jua liwe kali vipi, na si unajua kaskazi ya Januari hapa kwetu, lakini akimuona dadake anatoka pale getini ile kukumbatiana kwao utasema mmoja katoka Hijja.

Pia nlimpa kazi yake ya asubuhi. Nina mkebe wa vifungo vilivyobaki kwa wateja, nachagua vile vikubwa vikubwa tu namwagia kwenye sinia, anatenga vyeupe huku vyeusi kule. Vidogo simpi kabisa na simwachi navyo peke yake, mtoto wa miaka miwili kila kitu mdomoni. Hesabu nayo yaingia taratibu hapo hapo. Watu wengine wanunua vitu vya kuchezea vya plastiki vya bei ya juu wakiona ndivyo vitakavyomfundisha mtoto, na hapa hapa Mombasa tangu miaka ya 80 Bi Swafiya Said na wenzake walipoanzisha zile chekechea za madrasa watoto walisomeshwa kwa vitu vinavyopatikana kwetu, na walisoma wakasomeka.

Sasa kosa langu kubwa. Siku ya pili mkubwa alilia getini akanishika dera hataki kuniachia, mwalimu mmoja akaniambia mama wewe jichomoe tu polepole asikuone, watoto wote huwa hivo. Nikasubiri ageuke kutazama bembea nikatoka. Siku hiyo alinyamaza ndio, lakini alivyorudi nyumbani hakuniacha tena, nikienda chooni yuko mlangoni, usiku ameshika kona ya kanga yangu amelala nayo ngumi imefungwa, nikijaribu kuivuta anaamka. Siku sita. Na mdogo naye akaambukizwa, nikisema natoka hapo dukani kununua uzi wote wawili wanalia. Nikajua ni mimi niliyeyaleta.

Usimtoroke mtoto. Muage hata kama atalia. Mie sasa nachuchumaa tukaangaliana, namwambia nani atakuja kumchukua na wakati gani, nambusu kiganjani namfunga vidole nasema hiyo ni ya kukaa nayo, kisha naondoka sirudi nyuma wala sichungulii dirishani, hilo la kuchungulia ndilo linalowachoma upya. Alilia wiki nzima lakini kila siku kilio kinapungua na ya nane aliniambia mama nenda. Na ukiahidi utakuja wewe basi uende wewe. Ikiwa ni babake au nyanyake, sema tangu asubuhi.

Hili la nguo naliongea kama fundi. Kina mama wengi wataka gauni la vifungo mgongoni na mkanda wa kufunga, lapendeza kweli, lakini mtoto wa miaka mine akienda choo atalifungua na nani? Darasani wako wengi na mwalimu mmoja. Ataogopa kuomba, atabana, mwisho atajikojolea na wenzake wamuone, na aibu hiyo mtoto anaikumbuka. Mwambie fundi atie lastiki kiunoni, sketi na kaptula ndani, vifungo viwe mbele tena vikubwa, na pindo aache la inchi tatu nne ili akirefuka mnafungua tu badala ya kununua nyengine muhula wa pili. Kitambaa chagua cha pamba au kilichochanganywa na pamba nyingi, ile yote nailoni kwa joto letu mtoto atarudi na vipele shingoni na kwapani. Viatu viwe vya kubandika, kamba baadae. Jina lishone ndani, kalamu yafutika.

Na jambo ambalo halikunipita akilini hata kidogo ni kontena la chakula. Siku tatu mfululizo mkubwa alirudi na mahamri yake mazima, mie najiambia labda hana hamu, labda ni mawazo, nikaanza kuamka mapema kumfanyia vitumbua, navyo vikarudi. Siku ya nne nikamkalisha jikoni nikamwambia fungua tule. Akaishika ile kontena, akaweka kidole gumba pale kwenye kile kibanio, akasukuma mpaka kidole kikawa cheupe, haikufunguka. Akanitazama akasema mama hii ni ya watu wakubwa. Siku tatu mwanangu amekaa na njaa na chakula kiko mbele yake. Nlilia baadae peke yangu. Kwa hivyo wiki mbili kabla ya skuli kufunguliwa mpe kontena, chupa na begi lake atumie hapo nyumbani, afungue na kufunga mwenyewe bila mkono wako, asichoweza kibadilishe. Na mfundishe kusema "mwalimu, nisaidie", manake wasichana wetu twawalea wawe wapole mpaka wanashindwa kusema wana shida.

Kulala, anzeni mapema. Wangu walikuwa wanalala saa nne usiku mpaka nikaanza kurudisha robo saa kila siku mbili tatu, sasa baada ya isha wote kitandani. Cheti cha kuzaliwa usingoje Januari, kipate mapema, skuli zinakitaka ili mtoto aandikishwe kwenye mfumo wa serikali. Na kitabu cha kliniki kifungue uangalie, vitamini A ni kila miezi sita mpaka afike miaka mitano, dawa ya minyoo pia kila miezi sita, wengi wetu chanjo za miezi kumi na minane zikiisha twaisahau kliniki.

Kuhusu chuo, yaani madrasa ya Qur'ani, najua hapa nitapishana na wengi na hata na mama mkwe tulipishana. Alitaka mjukuu aanze skuli asubuhi na chuo jioni mwezi huo huo. Nikamwambia mama, chuo ataenda inshallah na mimi ndie nitakaempeleka, lakini tumuache muhula mmoja apumue, zile herufi za Kiarabu, alfu na bee, nitamsomesha mie baada ya maghrib. Hakufurahi. Lakini alimuona mjukuu wake anasinzia kwenye sahani ya wali saa moja za usiku, kijiko kimo mkononi, akanyamaza, na sasa yeye ndie anayemsomesha hizo alfu. Mtoto wa miaka mine ana nguvu zenye mwisho.

Na kwa kuwa ni wasichana, hili sitaki ulione haya. Waambie majina ya viungo vyao, waambie hakuna mtu wa kuwashika pale, si mwalimu si ustadhi si mjomba si wa tuktuk, na mtu akisema hii ni siri usimwambie mama, basi hiyo ndio ya kuja kuniambia kwanza. Sisi tuna neno letu, anayekuja kumchukua asipomtajia mtoto hilo neno haendi nae hata kama ni jirani. Na simu ya watoto ni 116, bure, iweke kwenye simu yako.

Jioni sasa ndio wakati wao. Mwanzo nilikuwa namdaka mkubwa akiingia tu, leo umesoma nini, mwalimu kasemaje, anajibu sijui, nami naudhika. Nikaacha. Nawawekea viazi karai na juisi ya ukwaju hapo barazani nashona zangu kimya, na yote anamwambia mdogo wake. Nani kapigana, nani kalia, wimbo gani wameimba. Anamkalisha kwenye mkeka anamfanya mwanafunzi, anamwambia "inua mkono ukitaka choo". Mdogo anainua yote miwili.

Nimemshonea na yeye begi kutoka kipande kilichobaki cha yunifomu, dogo, lina mfuko mmoja wa vifungo vyake. Kila asubuhi analivaa, anamsindikiza dadake mpaka ule mwarobaini wa kona, wanaagana hapo, kisha anarudi na nyanyake, anamnywesha uji.