Shawa ya gari inapotoa maji ya kuunguza
Shawa ya gari huvuta maji ya kuoga kwa pampu na kuyapasha kwa joto la injini. Yakiunguza, fungua koki zaidi, usiibane. Maji ya rejeta injini ikishapata moto hufika nyuzi 80 hadi 90, na maji ya kuoga yakipita polepole karibu nayo hupata moto mno. Ndiyo maana chujio likiziba mchanga wa mto joto hupanda ghafla, lisafishe kwanza.

Njia salama zaidi, hasa kwenye baridi ya alfajiri kama ya Kabale, mji wa milimani Uganda: zungusha maji ya jerikeni ya lita 20, pampu ikivuta na kurudisha humo humo, mpaka yafike nyuzi 38 hadi 40. Zima injini, ndipo uoge. Pampu ikisimama kidogo, mwaga chini maji ya kwanza, hasa ukiogesha mtoto.