Kofia nyekundu za Wapashtuni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kijana wangu amenionyesha kwenye simu mkutano wa chama cha Awami National cha Pakistani, wazee kwa vijana wana kofia nyekundu. Anasema ni Wapashtuni wa mrengo wa kushoto. Je, nyekundu hiyo waliitoa Moscow? Mama wa Mafinga.

JIBU: Marahaba, mama. Hapana, ilitoka kwa watengeneza ngozi. Wapashtuni ni watu wa pande mbili za mpaka wa Pakistani na Afghanistan. Mwaka 1929, India yote ikiwa bado chini ya Waingereza, Mpashtuni Abdul Ghaffar Khan, mzaliwa wa Utmanzai karibu na mji wa Peshawar, alianzisha Khudai Khidmatgar, yaani Watumishi wa Mungu. Waliapa kutolipiza kisasi, na hao ni watu ambao kwao kisasi kilikuwa heshima ya ukoo! Nguo zao nyeupe zilichafuka upesi kwa vumbi la vijijini, basi wakazichovya kwenye maji ya kutengenezea ngozi, zikatoka na rangi ya tofali. Mimi nimekulia Njombe nikibandua magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi. Rangi ile naijua, ikiingia kwenye kucha utaisugua wiki nzima.

Waingereza ndio waliowaita Mashati Mekundu na kudai wametumwa na Moscow. Tarehe 23 Aprili 1930 wakawamiminia risasi katika soko la Qissa Khwani, Peshawar, nao hawana hata fimbo. Uhuru haukuwapa nafuu. Tarehe 12 Agosti 1948, zikiwa zimebaki siku 2 Pakistani itimize mwaka, polisi wa Pakistani waliwaua wengine katika kijiji cha Babrra. Hilo la pili huniuma zaidi, maana aliyefyatua risasi hakuwa mgeni tena.

Mrengo wa kushoto wenyewe ulikuja 1957, walipoungana na Wabengali wa Maulana Bhashani, wa Pakistani Mashariki (leo Bangladesh), katika chama kimoja, National Awami, kudai ardhi kwa wakulima na mamlaka kwa majimbo. Chama hicho kilipasuka 1967, wafuasi wa Moscow huku, wa Peking kule. Waziri Mkuu Zulfikar Ali Bhutto akalipiga marufuku kundi la Moscow 1975 na kumfunga kiongozi wake Wali Khan, mtoto wa Ghaffar. Wali ndiye aliyeunda hiki unachokiona, mwaka 1986.

Walishinda jimbo lao 2008, na 2010 likaacha jina la Mpaka wa Kaskazini Magharibi walilopewa na Waingereza, likaitwa Khyber Pakhtunkhwa. Ila Taliban waliwawinda. Desemba 2012 waziri wao wa jimbo, Bashir Bilour, aliuawa kwa bomu la kujitoa mhanga akitoka kwenye mkutano wa chama, jirani kabisa na soko lile lile la Qissa Khwani.